Galoni Sita za Rafu ya Chini

Tarehe 4 Machi

Mjomba Spana,

Shikamoo. Dereva wa lori ameniambia anapita kesho asubuhi kuelekea huko kwenu machimboni, kwa hiyo naandika haraka huku cherehani ikiwa bado na uzi. Natumaini hujambo, na vumbi la kokoto halijakugeuza rangi. Sisi tu wazima. Mama anasema magoti yanamuuma lakini ulimi hauna shida, kwa hiyo kazi ya kunisema inaendelea kama kawaida. Anasema tangu umwachie nyumba hii, mwaka wa pili sasa, hajapata mtu wa kubishana naye anayejua kushindwa. Ningekupigia, lakini najua simu huko mpaka upande juu ya lundo la mawe.

Sasa, hili gari ulilotuachia. Limeanza kunywa oili. Juzi nilikuwa napanda kilima cha shule na marobota ya sare, mara ile taa nyekundu yenye picha kama birika ikawaka. Mama alikuwa kando yangu. "Birika limechemka hilo," akasema, "teremka utie majani." Tukacheka, lakini moyoni nilishtuka.

Nilikwenda duka la vipuri. Muuzaji akanipangia galoni kumi mezani, kila moja na namba zake, nikajiona kama niko kwenye chumba cha mtihani na sikusoma. Akasema, "Chukua hii, ndiyo ghali kuliko zote." Nikatoka mikono mitupu.

Ndipo nikakumbuka stoo yako. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya matairi, kuna galoni sita za oili, hata vifuniko havijafunguliwa. Je, niongeze hizo?

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 21 Machi

Sindano, mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi, na kikohozi huku ni kama jirani, humwoni ajabu. Mashine ya kusagia mawe imekatika mkanda mara mbili mwezi huu. Mwambie dada kwamba sikuwahi kushindwa, nilikuwa namwachia kwa sababu ni mkubwa wangu.

Kuhusu oili, umefanya vizuri kuuliza. Usimsikilize muuzaji. Kwenye kijidroo cha mbele kuna kitabu kidogo chenye doa la grisi, kifungue penye picha ya galoni. Utaona 20W-50. Namba ya kwanza inakuambia oili inatembeaje asubuhi injini ikiwa baridi. Ya pili inakuambia inabaki nzito kiasi gani injini ikishapata moto. Gari letu limezeeka, vyuma vyake vimelika na nafasi zimepanuka. Ukilitia oili nyepesi ya magari ya siku hizi, itapita humo kama maji kwenye chekecheke. Ukilitia nzito mno, asubuhi haitafika juu kwa wakati. Kwa hiyo angalia namba, na angalia imeandikwa ni ya injini ya petroli, isiwe ya gia. Bei na rangi ya galoni ni mapambo tu.

Tena usimimine kwa kukisia. Egesha mahali tambarare, zima, subiri muda wa kushona pindo moja. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kina alama mbili. Oili iwe katikati yake, karibu na ya juu, isiivuke. Ikizidi, inapigwa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Mimina nusu kikombe, subiri, pima.

Ya stoo achana nayo. Kuna panya, na matairi yale yakikuangukia mama yako atanifuata huku kwa miguu. Nunua dukani.

Mjomba wako


Tarehe 10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku moja. Mama mzima. Amepata miwani mpya na sasa anaona kila kosa langu kwa ukubwa wake halisi. Anasema punguza kukohoa, kikohozi chako unakiendekeza.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilinunua dukani 20W-50, ya petroli, nikapima kwa kijiti kama daktari. Gari linanguruma vizuri. Bado linakunywa kidogo kidogo, kila wiki naliongezea.

Mwalimu mstaafu anapita dirishani kwangu kila asubuhi, na mkongojo wake na gazeti. Amenituma nikusalimu. Anasema gari lake bado liko uani pale lilipofia, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mama akamjibu kutoka ndani, kwa sauti, "Ulijitakia, Mwalimu! Ndugu yangu alikuonya!" Yule mzee akakunja gazeti na kwenda zake. Kila mara mama akimwambia hivyo, anafanya vivyo hivyo.

Sindano


Tarehe 2 Juni

Sindano,

Marahaba. Nimefurahi sana kusikia umenunua dukani. Hujui ulivyonipa usingizi. Endelea hivyo hivyo, usibadilishe.

Mkanda wa mashine tumepata mpya. Kikohozi kimepungua, mwambie dada asidhani ni kwa amri yake. Mvua imenyesha siku tatu, tumekaa bila kazi tukicheza karata, nikapigwa na mpishi.

Sina jingine.

Mjomba wako


Tarehe 28 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Gari limekufa. Lilizimika kwenye kona ya kabla ya daraja, tarehe kumi na saba. Injini imeshikana, haizunguki hata kwa kusukuma. Fundi wa pale karibu amefungua mfuniko, akatazama ndani, akafunga tena na kufuta mikono. Tumelivuta mpaka nyumbani kwa trekta.

Najua ulikuwa unalipenda. Nisamehe.

Sindano


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Gari ni chuma, lisikukondeshe. Lakini nimeisoma barua yako mara nne, nikaigeuza hata nyuma. Tangu nije huku hujaniandikia barua isiyo na neno la mama yako. Hata siku mlipogombana uliandika, "Mama hataki kukusalimu." Hii ina gari peke yake.

Dada yuko wapi? Anasemaje? Mlikuwa mnakwenda wapi tarehe kumi na saba?

Nijibu kwa lori hili hili, mwambie dereva akusubiri.

Mjomba wako


Tarehe 30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Dereva alinisubiri, mimi ndiye niliyeshindwa. Nilimwacha aende bila barua. Leo naandika kabla sijabadilisha nia.

Mama yu hai. Nalitanguliza hilo.

Asubuhi ya tarehe kumi na saba alikuwa ameshika kikombe. Kikamtoka mkononi. Nikamwambia, "Mama, unavunja vyombo sasa?" Akataka kunijibu, mdomo ukaenda upande mmoja, na maneno yakatoka kama mtu anayesema huku ameziba mdomo kwa kitambaa. Nikajua ni kiharusi. Jirani akanisaidia kumbeba, tukamlaza kiti cha nyuma, nikaondoa gari.

Kabla ya daraja injini ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama mtu yuko ndani anataka kutoka. Taa ya birika ikawaka. Ulinifundisha taa ile ikiwaka nizime papo hapo. Sikuzima. Nilijiambia hospitali ni karibu, vumilia, vumilia. Ikapiga mlio mmoja mkubwa na gari likasimama palepale. Nikageuka. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

Ile barabara unaijua, siku isiyo ya soko hakipiti kitu. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini. Mwishowe pikapu ya magodoro ikatuchukua, tukamlaza juu ya magodoro. Daktari aliniuliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikamwambia. Akatazama saa ya ukutani, akaandika. Kesho yake ndipo akasema saa zile za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Sasa mkono wa kulia na mguu wa kulia havifanyi kazi. Anaelewa kila kitu, lakini maneno yanamtoka moja moja, na kwa shida.

Mjomba, mimi sikununua oili dukani. Nilikudanganya. Nilikwenda stoo nikasoma lebo za galoni zako, nikaona 20W-50, injini ya petroli, kila kitu kama ulivyonielekeza. Nikasema moyoni, mjomba anabania tu vitu vyake. Nikafungua moja, ikaisha, nikafungua ya pili, halafu ya tatu. Galoni tupu nilizirudisha nyuma ya matairi, ukirudi uone rafu imejaa. Nilichukua kama mwizi, na kama mwizi nilimimina haraka haraka, bila kusubiri, bila kupima sawasawa. Labda nilizidisha. Labda ni lile povu ulilonionya.

Namgeuza mama kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kila nikimgeuza najiambia, nusu hii umeiua wewe.

Sindano


Tarehe 16 Oktoba

Sindano, mwanangu,

Malori mawili yamepita bila barua yangu. La kwanza nilimwambia dereva wino umeisha. La pili nilijificha nyuma ya mashine mpaka akaondoka. Wino haukuisha.

Nisikilize vizuri. Hukuzidisha. Hata ungemimina kwa kijiko cha chai, ukapima kila tone, yangetokea yale yale. Galoni zile hazikuwa na oili mpya. Ilikuwa oili chafu niliyomwaga kutoka kwenye magari ya wateja. Niliiacha ikatuama kwenye pipa, nikaichuja kwa shuka kuukuu la mama yako, nikachanganya na mpya kidogo ipate rangi. Galoni tupu nilizipata kwa waokota taka, nikachagua zenye lebo safi. Vifuniko nilivibana kwa pasi ya moto mpaka vikaonekana vya kiwandani. Namba ulizosoma zilikuwa kweli za galoni. Za kilichokuwamo hakuna ajuaye. Oili ya namna hiyo ina unga wa chuma, inaganda kama lami, inaziba njia. Injini inakufa kwa kiu huku kijiti kinaonyesha imejaa.

Ilikuwa mwaka ule gereji yangu ilipokauka wateja. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu. Wa kwanza kuwekewa alikuwa Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyeniamini kuliko wote, hakuwahi hata kusimama kuangalia. Injini yake ilipokufa alikuja kuniuliza nikiwa kwa kinyozi, Jumamosi, watu wamejaa. Nikamjibu mbele yao, "Mwalimu, gari si ubao, huliandiki tu ukaliacha. Oili hupimi, unataka nini?" Watu wakacheka. Akainamisha kichwa, akatoka. Mwezi ule ule nikatafuta kazi huku. Galoni sita zilibaki. Kuziuza nilishindwa. Kuzimwaga pia nilishindwa, maana kuzimwaga ni kukubali.

Barua yako ya Machi ilipofika, niliandika jibu lenye maneno machache: "Usiguse, oili ile si nzuri." Nikalichana. Ungeuliza kwa nini si nzuri, na mimi ndiye niliyekufundisha kushika spana na kutosema uongo kwa mteja. Nikaona afadhali nikutishe kwa panya. Panya wa stoo ile ni mimi.

Wiki sita nimekuwa na barua yako chini ya mto, nikijua unajilaumu, na nikakuacha ujilaumu. Sijui lipi ni baya zaidi, oili au hizi wiki sita.

Nataka kuja. Sina uso wa kuja nao.

Mjomba wako


Tarehe 27 Oktoba

Mjomba,

Leo sitakusalimu. Nimejaribu, mkono umekataa.

Nilitaka kuificha barua yako. Mama aliiona bahasha mfukoni mwa aproni, akainyooshea kidole cha mkono wa kushoto. Nikamsomea yote. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye shuka lake akafumba macho. Nilipomaliza nikarudi kwenye cherehani, nikashona suruali nzima. Ndipo akasema kitu. Sikusikia. Akapiga kitanda kwa mkono mzima, akarudia.

"Mwalimu."

Hakusema jina lako, wala hakunitaja mimi. Yeye ambaye amemtupia yule mzee maneno dirishani mwaka wa pili sasa.

Mimi nitakuambia langu. Miezi mitatu nimehesabu dakika za pale darajani. Ningezima taa ilipowaka. Ningetafuta gari jingine. Ningepima. Nimekonda mpaka jina langu limenikaa barabara. Daktari mwenyewe hawezi kuapa kwamba tungefika mapema mama angepona, nilimuuliza, akasema, "Labda." Na hiyo "labda" nimelala nayo peke yangu, na wewe wiki sita ulikuwa na nusu yake chini ya mto wako.

Usifikiri nimejitoa kosani. Nilikuibia na nikakudanganya, hilo ni langu na ninalibeba. Lakini la kwako lichukue.

Huna haja ya uso, njoo na huo huo ulio nao. Usituletee zawadi. Njoo Jumamosi, uende kwa kinyozi, watu wale wale wakiwepo.

Sindano


Tarehe 6 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Dereva amesema ulifika salama, natumaini lori halikukutesa njiani. Mama amesimama dakika mbili leo akishikilia kitanda. Alipokaa akasema, "Uchovu." Neno zima, bila kukatika. Mtaalamu wa mazoezi anakuja mara mbili kwa wiki na mama anamchukia, jambo ambalo naliona ni dalili nzuri.

Naandika hasa kukuambia ambacho hukukiona, maana uliondoka kama unafukuzwa.

Pale kwa kinyozi ulisema vizuri. Sikutegemea. Nilikuwa mlangoni nyuma yako nikifikiri utazungukazunguka kwanza, uulizie afya na mvua. Lakini ulisimama mbele ya kiti na kusema, "Mwalimu, gari lako nililiua mimi. Oili niliyokuwekea ilikuwa chafu, na nilijua. Na hapa hapa nikakusingizia." Kinyozi akabaki na wembe hewani. Mwalimu hakujibu. Wewe ukangoja kidogo, ukainama, ukatoka. Nadhani ulifikiri kimya kile ndicho jibu lake.

Hakikuwa jibu. Alikuwa bado hajakuelewa. Alikaa na nusu ya ndevu imenyolewa na nusu ina povu, akaomba maji. Akanywa. Kisha akasema, polepole, "Kumbe sikuwa mimi." Akamgeukia kinyozi, "Sikuwa mimi." Akamwambia na yule mtu wa benchi aliyekuwa anangoja zamu, ambaye wala hajui gari lenyewe, "Unasikia? Sikuwa mimi."

Mjomba, yule mzee alitusimulia kwamba ana daftari. Ameandika humo tarehe zote alizokumbuka kupima oili na zote alizodhani alisahau, akitafuta siku aliyokosea. Mkewe amewaambia watoto kwamba baba yao aliua gari kwa uzembe, na yeye akakubali, kwa sababu fundi alisema. Alipofika hapo machozi yakamtoka, na kinyozi akamfuta uso kwa taulo kama vile ni sehemu ya kunyoa.

Halafu akakasirika. Akasimama na shuka la kinyozi shingoni, akashika mkongojo, akauliza, "Yuko wapi?" Tukatoka nje, lori lilikuwa limeshapinda kona. Una bahati, mkongojo ule ni wa mti mgumu.

Jumapili alikuja nyumbani. Hakuwa ameingia ndani tangu mambo yale. Mama alimwona mlangoni, akaanza kuhangaika na mdomo. Nilitaka kumsaidia, Mwalimu akanizuia kwa mkono, kama darasani mwanafunzi anapojaribu. Tulingoja. Ilichukua muda mrefu. "Sa-ma-ha-ni." Mwalimu akavuta kiti, akasema, "Dada, wewe ulimwamini ndugu yako. Hilo si kosa, nisingependa ulijutie." Wakanywa chai, mama kwa mrija. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kona, nikamweleza habari za daraja, zote, pamoja na wizi wangu. Sikuwa nimemwambia mtu. Hakunipa mawaidha. Aliniuliza tu, "Na wewe una daftari?" Nikasema ninalo kichwani. Akasema la kichwani ni gumu zaidi kufunga.

Anakubali neno ulilomtumia kwa dereva, kwamba likizo ya Januari uje uifungue injini yake na kuiunda upya. Lakini ana masharti. Utaifungua mbele yake, na amekwishawaambia kuku wahame. Oili atanunua yeye, atasoma namba yeye, atafungua kifuniko yeye, na atanusa yeye. Wewe utashika mpira wa kumiminia tu. Nilimwambia kunusa hakusaidii. Akasema kutamsaidia yeye.

Zile galoni tatu zilizobaki nimeziona ulivyozichana lebo kwa kisu kabla hujaondoka. Nimezifunga kamba na kuandika juu yake "sumu". Ukija utazichukua mwenyewe.

Umeniuliza kwa dereva kama tumekusamehe. Mama amekusamehe, alinionyesha kwa mkono siku ile ile uliyoingia, kabla hujafungua mdomo. Ni ndugu yako, ana njia zake za mkato. Mwalimu anasema bado anafikiri, na mwalimu akifikiri huwa anarudi kusahihisha. Mimi niko njiani naja. Ila gari sina, Mjomba, natembea kwa miguu, kwa hiyo usihesabu siku.

Mpwa wako,
Sindano